Tano ya Habuba

Nilikuwa mwandika programu katika mji usio na kompyuta. Nikisema hivyo leo vijana hucheka, na siwalaumu, maana ni kama kusema nilikuwa rubani wa baiskeli. Lakini ndiyo kazi iliyonilisha Arua kuanzia mwaka wa sabini na tatu hadi tulipofunga mizigo, na ndiyo kazi iliyonitia aibu ambayo sijaizoea mpaka sasa. Aibu nyingine huzoeleka. Hii hapana.

Kompyuta yenyewe ilikuwa Kampala, ndani ya chumba chenye baridi ya mashine ambamo hukuruhusiwa kuingia na viatu vya vumbi. Nilisomeshwa huko miezi tisa, kisha nikarudishwa nyumbani, kwenye ofisi moja ya serikali juu ya Arua Hill. Nikapewa meza, kiti chenye mguu mmoja mfupi, na bunda la karatasi za miraba, kila mraba kwa herufi moja. Niliandika programu zangu kwa penseli, nikazitia kwenye bahasha kubwa, bahasha ikapanda basi. Huko Kampala akina dada wa kazi hiyo waligeuza miraba yangu kuwa matundu kwenye kadi, mashine ikalishwa kadi, na baada ya wiki mbili au tatu nikarudishiwa karatasi ndefu yenye majibu. Ukisahau mkato mmoja, jibu lilikuwa kwamba umesahau mkato. Wiki mbili kwa ajili ya mkato!

Basi nilijifunza kuwa kompyuta mimi mwenyewe. Kabla ya kutuma bahasha nilitandaza maharage mezani, haragwe moja kwa kila hesabu, nikaifuata programu mstari kwa mstari kwa kidole, nikisogeza maharage kama ambavyo mashine ingesogeza namba zake. Mama, niliyekuwa nikiishi naye mtaa wa Oli, aliona maharage yake yanapungua jikoni. Akaniuliza, "Ile masomo ya Kampala ilikuwa ya kucheza bao?" Nilimwambia hiyo ndiyo kazi ya kisasa. Akasema basi hata yeye ni wa kisasa, maana anahesabu maharage tangu aolewe.

Nilikuwa hodari. Nalisema hilo bila kujitia unyenyekevu, kwa kuwa ningekuwa bwege tu, kisa hiki kingekuwa cha kuchekesha. Programu zangu zilirudi safi mara ya kwanza. Mkubwa wa ofisi, mtu mnene mwenye Kiswahili cha kambini na moyo usio mbaya, aliwaonyesha wageni meza yangu na kusema, "Huyu kijana iko na kompyuta ndani ya kichwa." Na mimi niliinama juu ya karatasi zangu, nikijifanya sikusikia, huku masikio yote yako wazi.

Mwaka wa sabini na tano mkubwa alitaka kujua ni watoto wangapi wanaozaliwa katika vyumba vidogo vya uzazi vya wilaya, vile vya mkunga mmoja na vitanda viwili. Kila mwezi mkunga alijaza fomu: wiki ya kwanza watoto wangapi, wiki ya pili wangapi, mpaka mwezi uishe. Fomu zilikuwa zimerundikana kabatini. Kazi yangu ilikuwa kunakili namba zake kwenye karatasi za miraba na kuandika programu ya kuzijumlisha. Jumla tu. Hakuna aliyeniagiza zaidi.

Lakini jumla ilikuwa kazi ya nusu saa, nami nilitaka kitu cha kupendeza. Kompyuta ya wakati ule haikujua kuchora. Ilijua kupiga chapa herufi na alama, mstari baada ya mstari. Nikaona kwamba nikiiambia ipige nyota moja kwa kila mtoto, kila wiki ikawa na mstari wake, karatasi itajichora yenyewe. Wiki yenye watoto wengi ingekuwa na mstari mrefu, yenye wachache mfupi, na ukiisimamisha karatasi kando ungeona misimu: mavuno, kiangazi, mvua. Nilifanya kazi ile kwa furaha ambayo nimeipata mara chache maishani. Nilikuwa nikiamka na mstari wa programu mdomoni.

Mwishoni mwa kila mstari ilibaki nafasi ya herufi nne. Ingekuwa heri ingebaki ya tatu. Miaka ile Kiswahili kilikuwa kimepandishwa cheo, kila ofisi ilikuwa inatafuta pa kukipachika, na mimi nikafikiri: kama chumba kina wiki tatu mfululizo bila mtoto hata mmoja, mashine na iandike LALA. Herufi nne kamili. Nilicheka peke yangu mezani. Niliwaza mkubwa atakavyocheka, na hapo akili yangu ikaishia.

Sasa nieleze habari za mkunga wa Koboko, mji mdogo ulio kaskazini ya Arua, karibu na mpaka. Alikuwa Mnubi kama sisi, mjane, mwenye mikono mifupi yenye nguvu, na kila mtu alimwita habuba, yaani bibi, hata waliokuwa karibu rika lake. Mimi sikuwa na undugu wa damu naye, lakini yeye ndiye aliyenipokea siku niliyozaliwa, kabla wazazi wangu hawajahamia Arua. Kila aliponiona hakukosa kunikumbusha kwamba nilitoka miguu kwanza: "Wewe tangu zamani nataka kukimbia." Chumba chake kilikuwa nyuma ya zahanati ndogo nje kidogo ya mji, na wanawake walimjia kwa miguu kutoka mbali, wa kila kabila na kila dini, maana hakuwa mtu wa kufokea mwenye uchungu. Aliyeona haya kuvua nguo aliambiwa, "Mficha uchi hazai, mama. Toa." Basi aibu ikaisha, mtoto akaja.

Habuba alijua kuandika, ila aliandika kwa namba za madrasa, zile za Kiarabu, ambazo mumewe marehemu aliwafundisha watoto wa Koboko na yeye akazidaka akipita na ndoo. Serikali ilipotaka namba za Kizungu, alijifunza ukubwani. Akaziweza moja, mbili, tatu, nne, sita na kuendelea. Namba mbili tu zilimkataa, tano na sufuri. Kwetu madrasani tano ni duara na sufuri ni nukta. Kwa hiyo mkono wake, ukiwa umetoka kumtoa mtoto na kumfunga kitovu, ulipofika kwenye tano ulichora duara, na ulipofika kwenye kumi uliandika moja na kuweka nukta. Ungemwambia ni kosa angeshangaa. Hiyo ndiyo tano.

Na mimi nilijua. Si kwa kusikia. Nilijua kwa mgongo. Nilianza madrasa kabla ya shule, na darasa la kwanza mwalimu wetu alinichapa wiki nzima kwa sababu kila nilipoandikiwa ubaoni tano mimi niliandika duara. Alitaka nianze na kofia ya tano, kile kimstari cha juu, ndipo nishuke kwenye tumbo. Nilijifunza kwa machozi. Mpaka leo naanza na kofia, tena naiweka mbali kidogo na kichwa, kama mtu anayeogopa kuigusa.

Basi nilifikia fomu za Koboko nikiwa na haraka ya kuziona nyota zangu. Nikaona duara, nikaandika sufuri. Nikaona moja na kijinukta, nikaandika moja. Kwenye kichwa cha kila fomu habuba alikuwa ameandika mwaka, na mwaka wenyewe, kwa macho yangu, ulikuwa 1970. Nilitabasamu, nikasema moyoni, masikini bibi wa watu, amesahau hata mwaka. Nikageuza ukurasa. Mtoto wa madrasa, aliyechapwa kwa ajili ya duara lile lile, akamcheka habuba wake kwamba hajui mwaka! Nimelirudia jambo hili kichwani mara nyingi kuliko sala.

Karatasi ilirudi kutoka Kampala baada ya wiki tatu. Ilikuwa nzuri, sitadanganya. Tuliifungua sakafuni, mkubwa akavua viatu ili apite pembeni yake. Nyota zilirefuka na kufupika kama nilivyotaka. Na kwenye fungu la Koboko palikuwa na upungufu mkubwa, mistari mitupu kwa mistari mitupu, na pembeni yake: LALA. LALA. LALA.

Mkubwa alicheka mpaka akashika ukuta. "Hii Koboko iko nalala kweli! Mashine nasema!" Akaita watu wa ofisi ya jirani waje kuona. Dereva akaja, akasoma, akacheka. Nami nilisimama pale nikila kicheko chao kama mtu anayekula nyama ya sikukuu.

Kesho yake, wenzangu wakiwa kwenye chai, nilizitoa tena fomu za Koboko. Sikuwa na shaka yoyote. Nilitaka tu kufurahia kazi yangu, nione wiki ile tupu kwenye fomu na mstari ule mtupu kwenye karatasi. Nikaweka kidole kwenye duara. Kando yake palikuwa na moja yenye nukta. Nikajiuliza, kama duara ni sufuri, nukta ni nini? Na swali lilipoulizwa, jibu lilikuwa limeshafika. Wiki zote zile "tupu" zilikuwa wiki za watoto watano. Watano, watano, watano. Chumba cha habuba hakikulala hata siku moja. Kilikuwa kikienda mwendo wake uleule wa kila wiki, na ni kwa sababu ya mwendo ule ule ndiyo mashine ilikiita mlalaji.

Nilishika penseli. Hilo nililifanya, na ningependa lihesabiwe, ingawa utaona halina faida. Nikaanza kuyatia maduara mikia na kofia, taratibu, moja baada ya jingine, ili nimpelekee mkubwa fomu iliyosahihishwa. Nilifika la saba au la nane. Kisha nikamsikia mkubwa kwenye ukumbi akija na wageni kutoka Kampala, akiwaambia kwamba hapa Arua, mwisho huu wa dunia, kuna kijana ambaye programu zake hazirudi na kosa. Sauti yake ilikuwa na fahari ya baba. Nikachukua raba, nikafuta.

Watu wakisikia ni miaka ile, hunihurumia haraka. Huniambia, ungefanyaje, nyakati zilikuwa mbaya, mtu aliogopa hata kivuli chake. Ni kweli nyakati zilikuwa mbaya. Lakini mkubwa wangu hakuwa mtu wa kumdhuru mtu kwa namba, na mimi nilijua hivyo. Angekunja uso, angesema, "Basi, tengeneza," na wageni wangekunywa soda zao. Sikunyamaza kwa hofu. Nilinyamaza kwa sababu ningelazimika kusema mbele ya wageni wenye tai kwamba nimekosea tano, na kwamba nimeijua tano ile kwa kuwa mimi ni mtoto wa ubao wa madrasa wa Koboko. Nilikuwa nimetumia miezi tisa Kampala kumzika mtoto yule. Sikutaka afufuliwe kwenye ukumbi.

Nilijiambia nitarekebisha wiki ijayo, kimyakimya, kwa bahasha ya pili. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lililoumia halikuwa langu. Kabla ya bahasha kupanda basi mkubwa aliniita. Alikuwa ameshika barua ambayo haijatiwa sahihi. Wilaya ilikuwa na upungufu wa vitanda na dawa, na palikuwa na shauri la kufunga vyumba visivyo na kazi.

"Hii Koboko," akaniuliza. "Wewe iko na hakika?"

Nafasi bora kuliko ile sijapewa maishani. Mlango ulikuwa umefungwa, tulikuwa wawili tu, na mtu mwenyewe alikuwa ananiuliza. Nikasema, "Mashine haikosei, mkubwa."

Akatia sahihi. Mtu wa masjala akaiambatanisha barua na zile fomu zenyewe, ziwe ushahidi, zikaenda Koboko. Vitanda viwili vikabebwa. Habuba akaambiwa apumzike, ameshazeeka. Na dereva wetu, aliyekuwa na mdomo mwepesi, alilifikisha neno langu sokoni Koboko kabla ya barua kufika. Wakaanza kumwita Mama Lala. Watoto aliowapokea mwenyewe kwa mikono yake walimwimbia hivyo akipita kununua chumvi.

Wanawake waliokuwa wakitembea saa moja kumfikia sasa walitafuta lori la kwenda Arua, wakilipata. Ni wangapi waliozalia njiani, sijui. Kwenye programu yangu hapakuwa na nafasi ya waliozaliwa njiani.

Nimeandika programu miaka mingi tangu hapo, katika miji mingine na kwa mashine ambazo zingeweza kuimeza ile ya Kampala. Vijana wanaojifunza kwangu hulalamika kwamba nina ugonjwa wa sufuri. Kila wakileta kazi nawauliza, sufuri hii imetoka wapi? Ni kwamba hakuna kitu, au ni kwamba hatujui? Wanadhani ni falsafa ya mzee. Hupenda pia kunionyesha vitu wanavyotengeneza kwa kujifurahisha, picha zinazocheza, rangi zinazojipanga, na mimi hufurahi nao kwa dhati, kwa sababu naijua ile furaha ya kuamka na mstari mdomoni. Kisha nawauliza kila nyota ni nani.

Sikukuu ya Idd iliyofuata kufungwa kwa chumba, mama alinituma Koboko nimpelekee habuba sukari na kitambaa. Nilikwenda kwa shingo upande. Nilimkuta kibarazani, amepungua mwili, ananipikia gurusa, zile chapati nyepesi za kwetu, kana kwamba nimeleta habari njema. Hakuzungumzia chumba mpaka nilipomaliza kula. Ndipo akauliza.

"Karatasi yangu nani ilisoma pale juu?"

"Mashine, habuba."

"Hapana mutu?"

"Hapana mtu. Mashine inasoma peke yake."

Akakunja pindo la nguo yake. "Basi ni mkono yangu," akasema. "Mashine ya Wazungu hapana jua tano yangu. Mimi nilifikiri sana, nikaona ni ile tano. Wiki ya tano-tano ndio alisema mimi nalala." Alikuwa amegundua peke yake, bila maharage, bila Kampala, akiwa amekaa kibarazani na fomu zake. "Nilikuwa nataka kuandika kwa wakubwa, lakini kama kosa iko yangu, nitasema nini?"

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa ndefu kama barabara ya Koboko, na bado nilikuwa mwanzoni mwake. Ningeweza kusema pale pale. Badala yake nilisema ndiyo, mashine ni mashine, haina huruma.

Habuba akaingia ndani, akatoka na daftari la shule, jipya, na kalamu. "Wewe mtoto ya kazi hii. Andika tano ya mashine hapa juu. Mimi nitafuata."

Nikaandika. Kwenye mstari wa kwanza wa kila ukurasa nilimwandikia tano, kofia kwanza, kisha tumbo, kama mwalimu anavyomwandikia mtoto wa darasa la kwanza. Ukurasa baada ya ukurasa mpaka daftari likaisha. Alinishukuru. Alinibariki kwa dua ndefu, akataja baba yangu marehemu, akamwomba Mungu anizidishie elimu. Nilijibu amina.

Mwaka wa sabini na tisa vita vilipopanda kuja upande wetu, Arua ilifunga mizigo, Koboko ikafunga mizigo. Ofisi yangu ilikuwa imeshajifunga yenyewe. Mara ya mwisho nilipopita, karatasi ya nyota ilikuwa bado ukutani, imeliwa na mchwa upande wa Koboko, na sikuthubutu hata kucheka. Mimi na mama tulipata nafasi juu ya lori la kwenda mpakani. Asubuhi likasimama Koboko kungoja maji ya injini, na mama akasema hatuwezi kupita bila kumuaga habuba.

Tulimkuta ameketi kwenye mkeka nje, vitu vyake vimefungwa mafungu matatu. Majirani walikuwa wakipita na mabeseni kichwani, mbuzi wanavutwa, kila mtu anauliza mwenzake kama ni Sudan au ni Zaire. Yeye alikuwa ametulia. Mama alikwenda kisimani na chupa zetu. Habuba akapapasa mkeka kando yake.

"Kaa. Mimi iko na swali ya kazi yako."

Akafungua fungu dogo. Mlikuwa na mkasi wake wa vitovu, uzi, sabuni, lile daftari, na chini kabisa bahasha ya serikali. Akafungua daftari kwanza. Lilikuwa limejaa. Mistari ya tano kwa mamia, za mwanzo zimelala chali na kupinduka, za katikati zimejikaza, za mwisho nzuri kabisa, na zote, kila moja, kofia yake imekaa mbali kidogo na kichwa. Alikuwa amejifunza mkono wangu mpaka kwenye woga wake.

"Iko mzuri?"

"Ni nzuri sana, habuba."

Akatoa fomu kutoka kwenye bahasha. Zilikuwa zimekuwa za kahawia, zimekunjika kwenye mikunjo mpaka karibu kukatika. Akachagua moja, akaiinua juu kuelekea jua, akanivuta begani ili nitazame kutoka upande wake. Jua lilipita kwenye karatasi. Mikwaruzo ya penseli iliyofutwa haionekani mezani, lakini juani inaonekana. Duara la kwanza lilikuwa na mkia. La pili lilikuwa na mkia. Na juu ya kila moja palikuwa na kofia, imekaa mbali kidogo na kichwa.

"Kwanza nilifikiri uchafu," akasema. "Halafu nilipojifunza kuandika hii yako, mkono yangu ndio aliniambia." Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo. Aliuliza kama mtu anayetaka tu kujua jinsi kazi ya wenzake inavyokwenda.

"Hii mashine yenu inashika penseli?"

Nilitaka kusema yote, wageni, ukumbi, mkubwa, barua, na maneno yakagombana mlangoni, hakuna lililotoka ila lile lililokuwa jibu.

"Hapana, habuba. Haishiki."

Akatikisa kichwa, kama anavyotikisa mtu aliyehesabu mara mbili na kupata kilekile. Akazikunja fomu, akazirudisha kwenye bahasha, akaifunga pamoja na mkasi wake. Dereva wa lori letu akaanza kupiga honi, na mama alikuwa anarudi kutoka kisimani akikimbia, maji yakimwagikia miguu. Habuba akachukua daftari kutoka mkekani, akanielekezea.

"Shika. Hii tano iko yako. Mimi nabaki na yangu."

Nikalipokea kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa kupokea kitu kutoka kwa mkubwa.